Matawi Barabarani

Wiki iliyopita mliniacha chini ya turubai la matanga kule Mundika, simu mkononi, kidole kikielea juu ya neno moja: Saini.

Wengine wenu mmenitumia ujumbe. Mmoja wa kwetu Funyula ameapa kwamba nikisaini nisikanyage tena soko lile. Mwingine ameniandikia, "Saini, ndugu yangu, maiti hali na wewe unakula." Asanteni nyote. Hakuna aliyenitukana kunizidi mimi mwenyewe, kwa hivyo endeleeni tu.

Kwa aliyechelewa: naitwa Phanuel Egesa. Nilikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, halafu nikawa mwalimu wa mashine. Shemeji yangu Ojiambo, mume wa dada yangu Roselida, aligongwa na lori akafa kwenye kona moja karibu na Chakol. Dereva aliyemgonga, Kibet, yuko ndani hadi leo. Lori la Kibet lilikuwa na kifaa cha kumwonya dereva kuhusu hatari zilizo mbele. Kifaa hicho kinaitwa Taniboi, na aliyekifundisha ni mimi.

Hapo matangani hakuna aliyekuwa akilijua hilo.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi simu ilipolia. Vivianne, mkubwa wangu wa Nairobi.

"Phanuel, saini hiyo ripoti. Polisi wanaingojea leo. Kesho huyo dereva anasomewa mashtaka."

"Inasema Kibet alisinzia."

"Ndiyo. Na kwamba kifaa kilifanya kazi sawasawa. Shida iko wapi?"

"Vivianne, unajua aliyekufa ni nani kwangu?"

"Najua, na pole sana, kweli kabisa. Lakini ndiyo maana wakiona jina lako wataamini."

Sikujua kama nimetukanwa au nimesifiwa.

"Na kuna kingine," akasema. "Ile sauti ya zamani ya Taniboi tumeitoa kwa magari yote. Tumeweka ya mwanadada. Na laptopu yako tumeifunga kutoka huku, usishtuke ikikataa kuwaka. Ni kwa usalama wetu sote."

"Mmeifuta sauti?"

"Kila mahali. Phanuel, watu wengi wanakula kwa hii kampuni. Wewe ukiwa mmoja wao."

Akakata.

Roselida akatokea na kikombe cha chai ya maziwa na sahani ya viazi vitamu. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini chai ilikuwa na sukari nyingi jinsi ninavyoipenda tangu utotoni.

"Kunywa, ndugu yangu. Leo ni siku ya kunyoa. Itakuwa ndefu."

Nikanywa. Nikamaliza. Nikaitia simu mfukoni, nikasimamisha bodaboda kuelekea Busia mjini, kituo cha polisi.

Nilitaka kumwona Kibet kwa macho yangu. Niseme ukweli, maana nimeapa kuusema hapa hata ukinichoma: nilikwenda nikimwomba Mungu awe kweli alisinzia.

Kabla hatujafika kituoni, wacha niwaonyeshe dhambi yangu ilizaliwa wapi. Wengi mnadhani ilizaliwa ofisini kwa Vivianne. Hapana. Ilizaliwa kwenye mchezo.

Mnaukumbuka mchezo wa Foleni, ule wa simu? Nilikuwa ndiyo nimetoka chuo kikuu. Tulikuwa vijana wanne Nairobi na kompyuta sita. Mchezaji anaendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba. Mashimo, ng'ombe, mvua, mizani. Ukifika Malaba umeshinda.

Yeyote aliyekulia kando ya barabara hii anayajua matawi. Lori likikatika ekseli, taniboi, yule msaidizi wa dereva, hurukia vichakani, akakata matawi na kuyalaza barabarani nyuma ya gari, moja baada ya jingine, ili anayekuja ajue kuna mwenzake amekwama. Zile pembetatu nyekundu huibwa. Tawi haibi mtu.

Mimi niliyajua matawi kabla sijajua kusoma. Lakini mchezo ulikuwa umepoa. Nilitaka kitu cha kuuchangamsha. Basi nikaamua: ukikanyaga tawi, pointi tano, na linalia kwaa!

Ee, watu walipenda! Watoto walipenda, na wakubwa wakapenda kuwazidi.

Kila lori la mchezo lilihitaji taniboi wa kumsemesha mchezaji. Nikamwendea shemeji Ojiambo, dereva wa trela, mtu wa maneno, mtu wa kucheka hadi anashika tumbo. Tulirekodi ndani ya kabini yake kwenye foleni ya Malaba, madirisha tumeyaziba kwa blanketi, sote wawili tunatokwa jasho. "Njia safi boss, songa!" Alisema mara kumi na moja, hadi nikaridhika.

Nilitaka kumlipa. Akakataa katakata.

"Mulamwa halipwi. Hulishwa," akasema. Mulamwa ndio shemeji kwetu. Nikamnunulia kuku mzima, akamla peke yake.

Mchezo ulipotoka alikuwa akiwaonyesha madereva wote wa Malaba. Siku moja akaniuliza jambo.

"Mulamwa, na hizi matawi? Mbona tunakanyaga?"

"Ni mchezo tu."

Akakuna kichwa. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Ndiyo hivyo. Nilionywa, tena na Ojiambo mwenyewe.

Studio yetu ikafa kama zifavyo studio. Kompyuta zikapigwa mnada, sauti ya Ojiambo ikaenda nazo. Mimi nikabaki na nakala ya mchezo kwenye laptopu. Nikahangaika mwaka na ushei. Kisha Vivianne akanichukua.

Kazi mpya ilikuwa kuifundisha mashine kuiona barabara. Msiogope maneno makubwa. Mashine hufundishwa kama mtoto mchanga: unamwonyesha picha, unamwambia hiki ng'ombe, hili shimo, huyu mtu. Unamwonyesha mara laki moja. Ukimdanganya, anakua na uongo wako na anauamini.

Picha za barabara zetu hazikuwepo. Zilizokuwepo zilikuwa za Ulaya, barabara zisizo na hata mbuzi. Vivianne alikuwa anakaribia kukata tamaa.

Nikamwambia, "Barabara ninayo mimi. Nzima. Mombasa hadi Malaba."

Nikaupakia mchezo wangu ndani ya mashine. Picha laki nne kwa wiki moja, bure. Nilipigiwa makofi ofisini, jamani. Nikapandishwa cheo.

Mashine ilihitaji orodha: gari, mtu, mnyama, shimo, takataka. Mwanzoni ilikuwa inapiga kelele kwa kila karatasi ya plastiki inayopeperuka, madereva wakalalamika. Nikaifundisha kwamba takataka si hatari, inyamaze. Na ndani ya orodha ya takataka, pamoja na karatasi na magunzi ya mahindi, nikatia matawi. Kwenye mchezo tawi lilikuwa kitu cha kukanyagwa. Mkono wangu ulienda wenyewe.

Mzungu angefanya hivyo ungesema hakujua. Mimi nilizaliwa Funyula!

Na pointi nazo nikazihamisha. Dereva akikanyaga breki bila sababu, anakatwa pointi. Zikiisha, anaandikiwa barua.

Basi tufike kituoni.

Mezani alikuwa sajini mmoja wa kike, Millicent, mpole kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia mimi ni wa familia ya marehemu. Akanitazama sana, kisha akanionyesha mlango wa seli, hatua chache tu kutoka mezani pake.

Kibet alikuwa mtu mfupi, mikono mikubwa, sweta la kazi limechafuka kijani kifuani. Aliposikia familia ya marehemu alisimama wima kama mwanafunzi.

"Pole, boss. Pole sana. Sijui niseme nini."

"Sema ulilala," nikamwambia.

"Nikisema nililala, mtanisamehe?"

"Tutakusamehe."

Alifikiria. Wallahi alifikiria.

"Ningependa sana kuwa nililala, boss. Lakini sikulala."

Nikashika vyuma vya mlango.

"Foleni ya Malaba ilikuwa imerudi nyuma mbali sana," akasema. "Nikaambiwa nizunguke na Busia. Ilikuwa saa moja asubuhi, manyunyu inanyesha. Kabla ya kona nikaona majani. Mguu ikaenda kwa breki yenyewe. Miaka kumi na sita kwa barabara, boss. Majani naijua."

"Halafu?"

"Taniboi ikasema, 'Njia safi boss, songa.' Nikatoa mguu."

"Kwa nini uliutoa, Kibet? Umeona majani kwa macho yako!"

"Nilikuwa na barua mbili za kukanyaga breki bure. Ya tatu ni kwenda nyumbani. Na hiyo kitu haikuwa imenidanganya hata siku moja." Akapangusa uso kwa sweta. "Nikaingia kona. Lori yake ilikuwa imekwama hapo, na yeye ameinama, analaza tawi ya mwisho."

Nilitaka anyamaze. Hakunyamaza.

"Nikaruka chini. Alikuwa chini ya gari, upande ya kushoto. Akaniongelesha."

Sisi tuliambiwa alikufa papo hapo. Roselida aliambiwa hivyo, na lilikuwa ndilo neno pekee la kumfariji.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Weka matawi, boss. Weka nyuma ya gari yako. Wengine wanakuja.'"

Sajini Millicent alikuwa ameacha kuandika.

"Nikaogopa," Kibet akasema, sasa ananong'ona. "Si damu. Damu nimeona nyingi. Ni sauti. Yule mtu chini ya gari na yule anaongea kwa Taniboi, sauti ni moja. Ni mtu mmoja, boss! Nikaambia polisi, wakaniuliza nimevuta nini."

"Uliweka matawi?"

"Nilikata nikaweka, nikakata nikaweka. Wakanikuta hapo na majani mkononi. Ndiyo maana wanasema nimewehuka."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Nilitapika chai ya dada yangu hapo hapo, mbele ya watu waliokuja kushughulikia mambo yao.

Kibet hakuwa amewehuka. Sauti niliihamisha mimi. Vivianne alitaka sauti ya mtu wa kawaida, mtu anayeaminika na madereva. Niliitoa kwenye mchezo nikaitia ndani ya Taniboi, magari mia mbili na kumi. Sikumwambia Ojiambo. Lori lake lilikuwa kuukuu, mali ya tajiri mmoja wa Bungoma, halikuwa na kifaa. Hakuwahi kujua kwamba anapishana barabarani na sauti yake mwenyewe kila siku.

Mwelewe hivyo. Ojiambo alikuwa mbele anaweka matawi ili watu wasife. Ojiambo huyo huyo alikuwa ndani ya lori la Kibet anasema njia ni safi. Niliyemweka huko ni mimi.

Nilirudi Mundika jua limesimama utosini.

Roselida nilimkuta nyuma ya jikoni, ameketi juu ya jiwe la kufulia, simu ya marehemu mkononi. Sikumwona uso. Nilisikia tu.

"Njia safi boss, songa!"

Nikazunguka mbele yake.

"Bado anao mchezo wako," dada yangu akasema. "Nimetoka Mombasa tangu tumzike. Nimefika Webuye."

"Unaendesha vizuri."

"Naendesha polepole. Sitaki kufika Malaba. Nikifika, mchezo unaisha, na yeye ananyamaza." Akakifuta kioo kwa leso. "Phanuel, wewe ni mtu wa hizi vitu. Hii haiwezi kupotea?"

"Mchezo ulishaondolewa kila mahali, Roselida. Umebaki kwa simu kama hizo za zamani."

"Kwa hivyo iko hapa tu."

"Kwa ninavyojua, hapo tu."

Akaitia kifuani ndani ya nguo.

Huko mbele ya nyumba watu walikuwa wameshaitana. Siku ya kunyoa kwetu si siku ya nywele peke yake. Familia hukaa, wazee huuliza, na kila mwenye neno juu ya marehemu hulitoa. Nywele zikishaanguka, matanga yamefungwa. Aliyenyamaza akae na lake moyoni hadi kaburini kwake.

Mzee Oduori, baba mkubwa wa marehemu, alisimama na fimbo.

"Mwenye neno na aseme. Wembe ukimaliza kazi, midomo nayo imefungwa."

Jirani mmoja, Quinton, akasimama kueleza kwamba wilbaro iliyo nyuma ya choo ni yake.

"Tangu lini?" Alinga, mdogo wa marehemu, akamuuliza.

"Tangu niinunue."

"Na ile jembe yetu iko kwako?"

"Hiyo tutaongea siku yangu ya kunyoa."

Watu wakacheka. Hata Roselida alitabasamu, naye ameshaketi kwenye kigoda, Mama Apeduno, mwenye wembe, anamnyoa upande wa kushoto, nywele zinaanguka kwenye sahani ya bati.

Hapo nikasimama.

"Nina neno," nikasema.

"Sema, mulamwa," akaniambia Mzee Oduori kwa upole. "Wewe ndiye umemlilia kuliko wengi."

Nikasema yote. Mchezo, matawi, pointi, takataka. Nikasema Kibet hakulala. Nilipofika kwenye sauti, Mama Apeduno aliinua wembe kutoka kichwani mwa dada yangu.

Watu wakaanza kusimama.

Alinga ndiye aliyenifikia wa kwanza. Alinikamata shati, kifungo kikaruka.

"Umekula hapa wiki nzima! Umeshika jeneza! Ulilishika upande wa kichwa!"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kujua."

Akainua ngumi. Sikuikinga, ikanipata shavuni. Ilikuwa halali yake.

"Mwache," Roselida akasema.

Alikuwa amesimama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeng'ara, upande wa pili nywele bado zipo. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwingine.

"Huyo dereva anasomewa lini?"

"Kesho asubuhi."

"Ana watoto?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza." Akaliviringisha lile neno mdomoni. "Mama Apeduno, acha hapo."

"Mwanangu, sijamaliza."

"Na hiki kifo hakijaisha. Mkimaliza kuninyoa mmekifunga, na ndani kuna mtu hana makosa."

"Mjane hatoki nusu nusu!" Mzee Oduori akapiga fimbo chini. "Hilo halijawahi kuonekana hapa!"

"Basi leo limeonekana, baba. Ojiambo hakumwacha mtu barabarani hata siku moja. Mnamjua nyote. Phanuel, ita pikipiki."

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati, yeye nyuma. Hakujifunika kichwa. Watu waligeuka njia nzima kututazama. Hakunishika kiunoni, alishika chuma cha kiti.

Mnaona sasa? Kwa mara ya kwanza tangu kona ile ya Chakol nilikuwa napumua. Nimesema. Nimepigwa kidogo. Dada yangu yuko nyuma yangu. Naenda kuandikisha, Kibet atatoka, halafu wanifanye watakavyo. Nilikaribia kujiona mtu mzuri.

Msije mkajiona watu wazuri kabla ya jioni.

Sajini Millicent alikuwa bado mezani pake. Alimtazama dada yangu kichwani, akasimama kwa heshima, akamvutia kiti. Roselida hakuketi.

"Afande, nimekuja kuandikisha," nikasema. "Kibet hakusinzia. Kifaa ndicho kilichokosa. Mimi ndiye niliyekifundisha."

"Jina lako kamili?"

"Phanuel Egesa."

Kalamu ikasimama. Akalirudia jina polepole, akafungua faili, akatoa karatasi.

"Mhandisi mkuu?"

"Ndiyo."

"Si ripoti yako iko hapa? Iliingia asubuhi, saa mbili na dakika kumi." Akaigeuzia upande wa dada yangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa mjane. Akaisoma kwa sauti. "'Mimi, Phanuel Egesa, shemeji wa marehemu, nathibitisha kwamba kifaa kilifanya kazi sawasawa na dereva alikuwa amesinzia.' Imesainiwa."

Ndugu zangu, hapo juu niliwaambia kwamba nilikunywa chai, nikamaliza, nikaitia simu mfukoni. Sikuwadanganya. Niliitia mfukoni. Lakini kabla ya mfuko, kidole kilikuwa kimeshafanya kazi yake.

Nilisaini. Nilisaini kabla sijamwona Kibet, nikitumaini kwamba nikimwona atanihalalishia. Niliogopa kazi, niliogopa jela, na zaidi ya vyote niliogopa uso wa Roselida. Nilitaka awe alilala ili mimi nisiwe nimeua. Nimewaficha nyinyi kama nilivyowaficha wa Mundika. Hata kwenye turubai, nilipokuwa natubu mbele ya wazee, hilo moja nililimeza. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza Mundika ikaishia mezani pa Millicent siku hiyo hiyo.

"Sasa, bwana," Sajini akasema, "ulidanganya asubuhi ama unadanganya sasa? Korti itaniuliza."

"Asubuhi."

"Una kitu cha kuonyesha? Hiyo laptopu yako?"

"Wameifunga."

"Na hiyo sauti Kibet alisema?"

"Wameifuta."

"Basi una mdomo tu. Na mdomo wako uko pande mbili."

Roselida ndiye aliyeongea, lakini si na Sajini.

"Saa mbili na dakika kumi," akasema. "Phanuel. Hiyo ilikuwa kabla ya chai yangu ama baada?"

Ningeweza kusema kabla. Nani angejua?

"Baada," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Hakulia, hakunitukana. Hakunitazama tena, si siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata.

Akatia mkono kifuani, akatoa simu ya Ojiambo. Akaiweka mezani juu ya ile ripoti yangu. Kioo kikawaka, lori likaonekana, barabara ya Webuye, na mbele yake matawi matatu yamelazwa. Dada yangu akalikanyaga la kwanza. Kwaa! Pointi tano. La pili. Kwaa!

Kisha shemeji yangu akasema, kwa ile sauti yake ya kucheka, sauti ya mtu aliyeshiba kuku mzima:

"Njia safi boss, songa!"

"Ni huyo!"

Ukelele ulitoka seli, vyuma vya mlango vikatikisika.

"Ni huyo, afande! Ni huyo! Niliwaambia! Ni yeye aliniambia nisonge, na ni yeye aliniambia niweke matawi! Niliwaambia, mkanicheka!"

Kisha tukamsikia Kibet analia, mtu mzima, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sajini Millicent aliinamia ile simu. Aliponyanyua uso macho yake yalikuwa na maji, lakini mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye droo ya bahasha za ushahidi.

"Mama," akasema, "bila hii simu sina kitu. Na hii itakaa hapa, halafu korti. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka. Huko ikiharibika, ikipotea, mimi siwezi kukuahidi."

Roselida alikuwa ameiinua tena.

"Iko na maneno yake mangapi?" Sajini akauliza, taratibu, kama anayemuuliza mtoto.

"Hayo tu," dada yangu akasema. "Hayo matatu manne."

"Nipe, mama. Kuna mtu huko ndani."

Akanyoosha mkono. Roselida akaiweka simu juu ya kiganja chake. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona vizuri. Aliiweka, na vidole vyake havikuiachia.